Kiangazi ni Msimu wa Barabara na Vita

Nyinyi mnaoingia kazi ya barabara mwaka huu, na kofia ngumu ambazo bado hazina mkwaruzo, msitarajie kutoka kwangu hotuba ya bidii na uadilifu. Hotuba hizo nilizisikia nikiwa na umri wenu, nikazipigia makofi, kisha nikaenda nikajenga kalvati, bomba la maji chini ya barabara, ambalo maji yalikataa kupita ndani yake. Mimi nitawaeleza habari za matope. Nimestaafu mapema, niko nyumbani Section 58, mtaa wa Nakuru, mgongo umekazwa kwa mkanda wa daktari. Ofisi iliandika kwamba nimeondoka kwa hiari. Mgongo unasema nilifukuzwa na mashimo yale yale niliyokuwa nikilipwa kuyaziba.

Kazi yangu ilikuwa barabara za vijijini, zile zinazoteremka kutoka vilima vya Mau hadi uwanda wa chini. Barabara za aina hiyo hazina mwaka mzima, zina kiangazi tu. Mvua ya mwisho wa mwaka ikishakatika, hadi mawingu ya Machi yaanze kujikusanya juu ya Mau, hapo ndipo unaweza kuchimba, kumwaga kokoto na kupitisha greda. Mvua ndefu ikianza, greda linazama hadi tumboni, lori la mchanga linakwama mbali na mahali linapohitajika, na simiti inageuka jiwe ndani ya mfuko. Nilitoka chuo kikuu nikijua hesabu za mkondo wa maji kuliko nilivyojua jina la mamangu, lakini hakuna mhadhiri aliyeniambia kwamba miezi yangu ya kazi itakuwa michache hivyo, na kwamba mingine nitaipitisha ofisini nikinywa chai na kulaumu mbingu.

Kalvati hilo la kwanza lilikuwa upande wa Njoro. Nililiweka juu kidogo kuliko mtaro. Mchoro ulikuwa sahihi, nawaapia. Kilichokosea ni ardhi. Mvua ilipokuja, maji yalifika mbele ya kalvati, yakalitazama, yakakata kona na kuchukua barabara. Kalvati lenyewe lilibaki kavu, na mbuzi wa jirani wakahamia humo. Watu wa kule hawakunijua kwa sura, lakini kwa miaka mingi mgeni akielekezwa njia aliambiwa apinde kushoto akifika nyumba ya mbuzi ya Injinia.

Siku tulipokwenda kuliangalia, nyapara wa genge letu alisimama kando yangu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja matangani. Aliitwa Karis, mwanamume wa mtaa wa Rhonda, aliyekuwa akibeba kokoto tangu mimi nikivaa kaptura.

"Boss, hii kazi si mbaya," akasema. "Shida ni hiyo maji. Haijasoma."

Karis alinifunza mengi, na mengine yalikuwa uongo. Alinifunza kusugua mchanga kati ya viganja: ukiacha vumbi mkononi, una udongo ndani yake, urudishwe ukaoshwe. Hilo ni kweli, lishikeni. Alinifunza kutembelea mto wakati wa mvua na kutafuta nyasi zilizonasa kwenye matawi, kwa sababu hapo ndipo maji yalifika, hata kama ni juu ya kichwa chako na huamini. Hilo pia ni kweli. Lakini aliniambia vilevile kwamba goti lake la kushoto linajua siku ya mvua, na nikalisikiliza goti hilo kwa misimu kadhaa kabla ya kugundua kwamba lile la kulia lilikuwa na maoni tofauti.

Ilinichukua muda kutambua kwamba si sisi peke yetu tuliokuwa tukingoja kiangazi. Karis alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliidhania ubaguzi. Akiajiri vibarua kutoka mtaa wa Kaptembwo kwa kazi ya bondeni, aliwauliza kwanza kama wana ndugu huko tuendako. Aliyekuwa na ndugu hakuchukuliwa. Nilimuuliza sababu.

"Boss, sisi tunaenda kuchimba," akasema. "Na hao wengine huwa wanaanza kupigana. Ni mwezi hiyo hiyo moja."

Alikuwa amesema jambo ambalo baadaye nililisikia kwa wazee wa kila upande. Chuoni nilisoma historia kidogo, somo la kujaziliza, na humo vita vilikuwa na sababu nene: ardhi, siasa, mipaka ya wakoloni. Zote ni za kweli. Lakini hakuna aliyenitajia matope. Zamani, walisema wazee, upinde uliofungwa kamba ya ngozi ulilegea ukilowa, na sumu ya mshale ilioshwa na mvua kabla haijamfikia mtu. Ng'ombe ukiwaiba kwenye matope wanaacha njia ambayo hata kipofu angeifuata kwa miguu. Mito ikijaa, huwezi kuvusha ndama. Na mvua ikishika, mkulima yuko shambani na jembe, mfugaji ana nyasi mlangoni mwake, na hakuna mwenye nafasi ya kumchukia jirani kwa utaratibu unaofaa. Chuki ilikuwepo, ilikuwa tu imeahirishwa. Watu walizaa, walioa na walilala usingizi ndani ya hiyo miezi ya kuahirishwa.

Kwa hiyo sisi wa barabara na wale wa vita tulikuwa na kalenda moja. Tulitoka pamoja jua likitoka na kurudi nyumbani pamoja mvua ikinyesha. Tofauti ilikuwa kwamba sisi tulipewa kofia.

Sasa niwapeleke kwenye mto wenyewe. Sitautaja jina. Unatoka Mau na kuteremka bondeni, na mahali ninapopazungumzia uligawa watu wa pande mbili. Upande wa juu ni wakulima wa viazi na mahindi, kwenye vipande vya lililokuwa shamba la mzungu. Upande wa chini ni wafugaji. Makabila sitayataja, mkitaka kujua mtajua, na haitawasaidia kujenga kitu chochote. Pande zote mbili walikuwa watu wa kanisa, waliimba nyimbo zile zile Jumapili, kila mmoja kwa lugha yake, na kiangazi kikikolea walichomeana nyumba.

Katikati ya kivuko palikuwa na jiwe kubwa liitwalo Ndama, kwa sababu lilifanana na ndama aliyelala. Maji yakifunika mgongo wa Ndama, watu walisema mto umefunga. Tangu siku hiyo hadi mgongo uonekane tena, hapakuwa na vita. Hii haikuwa sheria ya serikali, na wala haikuwa upendo. Hakuna aliyeweza kuvuka, basi.

Ila kulikuwa na jambo jingine, ambalo sijaliona mahali popote pengine katika kazi yangu yote. Mto ukifunga, watu wa pande zote walikuja kingoni na kusemezana kwa kupiga kelele juu ya maji. Walianza na matusi ya kawaida, kuhusu kukonda kwa ng'ombe na uchungu wa viazi. Matusi yakiisha, walianza mambo yenyewe. Ng'ombe fulani mwenye pembe moja yuko kwa nani. Nani alichoma ghala la nani. Nani aliuawa, wapi, na na nani. Mtu aliweza kusimama mbele ya watu wake na kutaja jina la mwana wa ndugu yake kuwa ndiye aliyeua, na hakuna aliyemgusa, si wa ng'ambo, si wa kwake. Neno lililosemwa juu ya maji yaliyofunga halikufuatwa na kisasi. Hapo ndipo ng'ombe waliporudishiwa wenyewe na maiti zilipojulikana ziliko. Nimehudhuria vikao vingi vya amani kwenye hoteli za Nakuru, vyenye chai na soseji, na sijaona mahakama iliyofanya kazi kama ile. Siri yake ilikuwa rahisi: hakuna aliyeweza kumpiga mwenzake kofi.

Tulipofika kujenga daraja, mama mmoja wa upande wa juu aliyeitwa Mama Salome ndiye aliyetupikia chai na mandazi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Kiangazi kile kile, kabla hatujapiga hema, ng'ombe waliibwa kijijini kwake, na vijana wakatoka kuwafuata. Walirudi wote isipokuwa mmoja, Joel, mwanawe wa mwisho. Waliokuwa naye walisema walitawanyika kichakani, na baada ya hapo hawakumwona. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na mazishi, na majirani, ambao walijua jinsi ya kuomboleza, hawakujua jinsi ya kungoja. Walianza kupita mbali na nyumba yake.

Lakini Mama Salome alikuwa ameletewa ujumbe. Mwanamke mmoja auzaye maziwa sokoni, ambaye soko lilikuwa halimuulizi anatoka upande gani, alimwambia kwamba mzee Philemon anamsalimu. Philemon alikuwa msemaji wa watu wa chini, yule ambaye sauti yake ilivuka maji vizuri. Ujumbe ulikuwa mfupi: asubiri mto ufunge.

Haya yote aliniambia asubuhi moja tukinywa chai, baada ya kunipima kwa siku nyingi.

"Injinia, hii daraja itaisha lini?"

"Kabla ya mvua, mama."

"Na isipoisha?"

"Nitafutwa kazi."

"Ukifutwa si utapata ingine?"

Karis akadakia, mdomo umejaa mandazi. "Huyu? Mathe, huyu hata kuchoma mahindi hawezi. Wachana naye akae na serikali."

Mama Salome alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Sitaki mwaka," akasema. "Nataka mto ufunge mara moja tu, kabla watu waanze kupita hapo juu. Aniambie mtoto yuko wapi, nimchukue, nimlaze karibu na babake. Baada ya hapo pitisheni hata treni."

Nilimuuliza swali ambalo mtu mwenye digrii angeuliza. Nilimuuliza kwa nini asimpigie Philemon simu.

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayeuliza mwezi unalala wapi. "Nimpigie aniambie nini? Kwamba kijana wa ndugu yake alifanya hivi na hivi? Kwa simu hiyo ni kuuza watu wake. Watamchinja. Lakini akisema hapo kwa maji, watu wote wakisikia, hapo si yeye amesema. Hapo ni mto umefunga."

"Na ukivuka sasa ukamuulize?"

"Nivuke sasa niende boma yake, mchana, na jua hii? Nitakuwa nimemuua. Na mimi pia sitarudi."

Niwaambie jambo moja ili msinielewe vibaya, na msimwelewe vibaya yeye. Daraja lilihitajika. Msimu mmoja wa nyuma, msichana wa upande wa chini alifia ukingoni kwa uchungu wa kuzaa, gari la kumpeleka Nakuru likimngoja ng'ambo, likiwa limewashwa taa. Maziwa yalimwagwa kila mwaka kwa kukosa njia. Mama Salome alijua hayo kuliko mimi. Siku ya kifo cha yule msichana alikuwa amesimama upande huu akimpigia kelele mkunga wa upande ule la kufanya, hadi sauti ikamkauka. "Daraja sikatai," aliniambia. "Nakataa haraka."

Basi tukaanza kuchelewa. Sikumwagiza Karis, na yeye hakuniuliza. Lori la mchanga likifika, mchanga mzuri kabisa, niliusugua viganjani, nikakunja uso, nikaurudisha ukaoshwe. Karis aliutazama ukienda, akaongeza kwamba hata kokoto anazishuku. Tulifunga nondo za chuma, tukazifungua, tukazifunga tena kwa karibu zaidi. Tukimwaga konkriti, tuliifunika magunia na kuimwagilia maji mchana kutwa, ikomae polepole, kwa uvumilivu ambao genge lile halikuwahi kuuonyesha kwa kitu chochote. Nilichukua vipimo ambavyo nilikuwa nimevisahau tangu mtihani wa mwisho. Mkandarasi alikuja, kijana mnene mwenye viatu visivyofaa, akauliza kama tunajenga daraja au tunalea mtoto mchanga.

"Ubora," nikamwambia, na sikuona haya.

Angalieni ujinga wa kazi yetu. Kila hila ya kuchelewesha daraja ilikuwa pia hila ya kuliimarisha. Sikuwahi kujenga kitu kizuri namna ile kabla wala baada ya hapo. Kama ningekuwa mvivu na mwizi, kama baadhi ya wenzangu ambao leo wana nyumba za ghorofa, pengine maji yangelibeba mwaka huo huo na kila mtu angepata alichotaka.

Tulichohitaji kilikuwa mvua, na mvua haikuja. Machi ikaisha. Kila asubuhi tulitoka hemani na kutazama Mau, Mama Salome na sufuria yake, Karis na goti lake, mimi na redio. Ilitangazwa kwamba mvua itachelewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wataalamu wa hali ya hewa walisema kweli. Mto ulipungua ukawa uzi. Ndama alisimama mkavu hadi miguuni, na watoto walimpanda wakateleza mgongoni mwake. Wakati kama huo zamani vita vingeendelea tu, kiangazi kikirefuka na vita vikirefuka nacho. Mwaka ule askari waliokuwa wakitulinda sisi na simiti yetu ndio waliowatuliza watu kidogo.

Hatimaye sikuwa na kitu cha kurudia. Daraja lilikuwa limesimama, jeupe, na hata mtu asiyejua ujenzi aliona limekwisha. Mheshimiwa akaja kulifungua. Kulikuwa na utepe, viti vya plastiki na kwaya mbili, moja ya kila upande. Mheshimiwa alisema sasa mtapita majira yote, mvua na jua, usiku na mchana, na watu wakapiga makofi, wa juu na wa chini, kwa moyo. Walikuwa na haki ya kupiga. Wanawake wajawazito walikuwa wamewekwa mbele, wakapigwa picha. Mama Salome alikuwa nyuma ya jiko lake, akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Wiki chache baadaye nilikuwa Nakuru Karis aliponipigia simu. Alikuwa amebaki kule na vibarua wawili kumalizia mitaro.

"Boss, maji imefika kwa mgongo ya Ndama. Kuja."

Mvua ilikuwa imekuja yote kwa pamoja, kama mtu aliyechelewa ambaye anaingia akikimbia. Niliendesha kupitia matope ambayo nilikuwa nimelipwa kuyaondoa. Nilipofika, alasiri, watu walikuwa wamesimama kingoni pande zote mbili, kama walivyosimama babu zao. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba vigogo, na pale alipokuwa Ndama palikuwa na uvimbe tu juu ya maji, kisha hata uvimbe haukuonekana. Daraja lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, upande mto unakotokea, limetulia. Maji yalipita chini yake bila kuligusa. Nilijivuna kwa muda mfupi. Nakiri hivyo kwa sababu mtu akijenga kitu hawezi kuzuia jicho lake.

Philemon alikuwa amesimama ng'ambo, mwembamba, na koti la mvua la kijani. Mama Salome alisogea hadi maji yakagusa viatu vyake.

"Philemon," akapaza sauti, "umekonda kama ng'ombe zako."

"Ni viazi vyenu, Salome," ikarudi sauti. "Tangu nile, sijashiba."

Watu wakacheka pande zote. Mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, kwa furaha, kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe, maji hayaimezi. Waliendelea hivyo kidogo, kuhusu mvua, kuhusu mchungaji fulani aliyeoa tena. Halafu wote wakasogea karibu na maji, kwa maana kila mtu alijua kinachofuata.

"Nimengoja vile ulisema," Mama Salome akaita. "Niambie."

Philemon alifungua mdomo. Wakati huo huo pikipiki ikatokea upande wetu, imebeba kreti za mkate, ikapanda daraja. Dereva alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni. Darajani kulikuwa na vijana wa pande zote mbili wakitazama mafuriko, wawili wakipiga video kwa simu, na pikipiki iliwapigia honi wakaipisha. Ikavuka. Ikateremka ng'ambo, ikapita nyuma ya watu wa Philemon, wengine wakigeuka kuitazama, ikapotea. Yote hayo hayakuchukua muda ambao watu wawili wenye heshima huutumia kusalimiana.

Philemon aliifuata kwa macho mwanzo hadi mwisho. Kisha akawatazama watu wake waliomzunguka, uso mmoja baada ya mwingine. Kisha akatazama maji yaliyokuwa yakinguruma miguuni pake, maji ambayo yangemchukua fahali.

"Mto haujafunga, Salome," akasema.

Hakupaza sauti sana. Waliokuwa nyuma wakauliza amesema nini, na mtu akawaambia. Mama Salome hakurudi nyuma. Alisimama pale pale. Philemon naye alisimama, kwa adabu, mvua ikimpiga, hadi mmoja wa wanawe alipomshika mkono na kumwondoa. Watu wa upande wetu walianza kutawanyika bila kuangaliana. Karis aliinama akaokota kokoto moja, akaisugua kati ya vidole.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama mnavyoweza kukisia. Mvua ile ile haijaisha, ng'ombe wa upande wa juu waliibwa wakavushwa darajani, na wale wa juu wakavuka kulipiza, kwa barabara ya kokoto isiyo na matope, isiyo na alama ya mguu wa ng'ombe hata mmoja. Wazee walisema hawajawahi kuona watu wakichomeana nyumba huku mahindi yakiwa magotini. Bunduki hailegei ikilowa. Msimu uliofuata maji yalimfunika Ndama tena, na hakuna aliyekuja kingoni. Wangeweza kupeana mikono sasa, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kuongea. Na maziwa yalifika Nakuru kila asubuhi, na sikusikia tena habari ya mwanamke kufia ukingoni. Hayo nayo yaandikeni. Yote ni ya daraja lile lile.

Philemon alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Yule mwanamke wa maziwa alijaribu, akiwa amekwenda kumjulia hali hospitalini, kumuuliza Joel yuko wapi. Wanawe walikuwa wameketi pande zote za kitanda. Philemon alisema amechoka, anataka maji ya kunywa.

Mnataka ushauri, najua, maandishi ya namna hii huwa nao. Mkifika mahali pa kujenga, ulizeni maji yalifika wapi. Ulizeni pia watu hufanya nini maji yakiwa hapo, na nani huongea na nani. Ulizeni, mkijua kwamba hata mkijibiwa, michoro haina mahali pa kuliandika jibu hilo, na kwamba pengine mtajenga tu, kwa sababu kuna msichana mwenye uchungu na gari lenye taa ng'ambo. Mimi ningelijenga tena. Ningetaka tu mtu aniambie mapema kwamba mvua itachelewa.

Nilikwenda kule mara ya mwisho baada ya kustaafu, nikiwa abiria wa gari la mpwa wangu, kwa sababu mgongo haukubali tena usukani. Ulikuwa msimu wa mvua. Mama Salome alikuwa amezeeka, lakini alinitambua, akanitolea kiti nje chini ya mabati, akaniletea chai. Aliniuliza habari za watoto. Nilimuuliza za viazi. Kutoka pale tuliona daraja, limepakwa upya rangi ya njano na nyeusi, na pikipiki zikipita.

"Injinia," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana haja sana ya kukinunua, "daraja kama hii huwa inakaa muda gani kabla ianguke?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria ule mchanga ulivyooshwa, na magunia, na Karis na ndoo yake ya maji. Nikamwambia kweli, kwamba hilo limejengwa vizuri, na litatuzika mimi na yeye.

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai nyingine.